Epoksi ya WEST SYSTEM 105 na Hadina 209: Tathmini Baada ya Kufufua Boti ya Faiba Iliyooza Ndani

Kwa mwenye boti kuukuu ya faiba ambayo mbao zake za ndani zimeoza, epoksi ya WEST SYSTEM, yaani rezini namba 105 pamoja na hadina namba 209 (kimiminika kinachochanganywa na rezini ili iwe ngumu), ni bidhaa ninayoipendekeza bila kusita kwa kazi ya kuunganisha na kufunika mbao mpya. Siipendekezi kwa kila sehemu ya boti, na bei yake inamtaka mnunuzi ajue mapema wapi ataitumia na wapi ataiacha. Nimeitumia katika boti ya futi 19 iliyoundwa kwa faiba na poliesta, rezini ya kawaida ya boti za faiba, miaka ya 1980, iliyokuwa ikifanya kazi kati ya Kunduchi na kisiwa cha Mbudya, na ambayo ukuta wake wa tezi, pale inapofungwa mashine, ulikuwa umeanza kuyumba kila nahodha alipoongeza kasi ya mashine.

Faiba yenyewe haiozi. Kinachooza ni mbao zilizofichwa ndani yake: plaiwudi ya ukuta wa tezi, boriti za urefu zinazotoka omo hadi tezi chini ya sakafu, na mara nyingi sakafu yenyewe. Katika boti nyingi za enzi hiyo mbao hizo zilifunikwa kwa tabaka jembamba la faiba, kisha yakatobolewa matundu ya skrubu, ya bolti za mashine na ya kupitishia maji ya ngama, yaani yale yanayokusanyika chini ndani ya boti, bila kingo za mbao zilizobaki wazi kuzibwa kwa chochote. Kwa matundu hayo maji hupenya polepole miaka nenda miaka rudi, na mwenye boti haoni kitu. Wengi huyalaumu maji ya bahari, ilhali adui mkubwa zaidi ni maji ya mvua, kwa sababu kuvu wanaoozesha mbao huhitaji unyevu na hewa lakini hudhoofishwa na chumvi. Boti iliyopandishwa ufukweni msimu mzima wa masika bila turubai, huku tundu lake la kutolea maji limezibwa na takataka, iko hatarini kuliko ile inayokwenda baharini kila siku na kukaushwa vizuri ikirudi. Povu lililojazwa chini ya sakafu ili boti isizame nalo huyanywa maji hayo na kuyashikilia kwenye boriti, kiasi kwamba hata kiangazi kikifika mbao hazipati nafasi ya kukauka.

Ukaguzi wa kwanza ni wa nyundo ndogo: sehemu nzima hutoa sauti kavu na kali, na sehemu iliyooza hutoa sauti nzito iliyofifia. Ukaguzi wa pili ni wa kutoboa kwa drili, kutoka ndani, tundu la milimita 6 lisilofika kwenye ngozi ya nje, na kuutazama unga unaotoka. Katika boti hii tundu la chini kabisa la ukuta wa tezi lilitoa maji ya kahawia yenye harufu ya uyoga, nayo yakaendelea kuchuruzika hadi jioni. Sakafu ilipokatwa, boriti zilionekana zimesimama wima kama kawaida, lakini ganda la faiba lilipopasuliwa, mbao iliyokuwa ndani yake ilichoteka kwa kijiko.

Hapa ndipo wenye boti wengi hushauriwa vibaya: watoboe matundu mengi, wamimine epoksi nyepesi ndani, na uozo utageuka kuwa kitu kigumu. Epoksi hii, kwa ubora wake wote, haifanyi hivyo, wala hakuna epoksi inayofanya hivyo. Mbao iliyolowa maji hainywi rezini, na ile iliyokwisha kuliwa na kuvu haina tena nyuzi za kubeba mzigo, hivyo mtu huishia na mabonge magumu yaliyozungukwa na uozo unaoendelea kama kawaida. Dawa ni kukata na kuondoa mbao yote mbovu hadi ifikiwe iliyo nzima na kavu. Kabla ya kukata, boti ilazwe juu ya vihimili vinavyolifuata umbo la tumbo lake, kwa maana boriti zikishaondolewa ganda la boti hulegea, na likipinda katika hali hiyo, boriti mpya zitalifunga vivyo hivyo lilivyopinda na boti haitakwenda sawa tena majini. Vumbi la faiba wakati wa kusaga huwasha kama upupu na huingia mapafuni; barakoa yenye vichujio vya vumbi laini, miwani na nguo za mikono mirefu ni vitu vya lazima kwa kila anayesimama karibu, akiwemo kijana anayeshika taa.

Swali la haki ni kwa nini mtu alipe zaidi ya mara mbili ya bei ya poliesta, wakati boti yenyewe iliundwa kwa poliesta na ikafanya kazi miaka mingi. Jibu liko kwenye maungio. Boti mpya inapoundwa, tabaka moja la poliesta hulazwa juu ya jingine ambalo bado halijaiva kabisa, na mawili hayo huungana kikemikali yakawa kitu kimoja. Poliesta mpya juu ya faiba iliyokauka miaka 40 haina bahati hiyo. Hushikilia mikwaruzo ya msasa tu, husinyaa inapokauka, na mbao huishika kwa udhaifu zaidi. Epoksi nayo hutegemea mikwaruzo, lakini mshiko wake ni mkubwa zaidi, kusinyaa kwake ni kudogo mno, na huzuia unyevu vizuri kuliko poliesta. Kabla ya kuanza kazi nilichukua vipande vya ganda la zamani vilivyosagwa kwa msasa namba 40 na kufutwa kwa asetoni, nikabandika juu yake mabaki ya plaiwudi, kimoja kwa poliesta na kingine kwa epoksi. Vilipokwisha kuiva nilivibana kwenye jiliwa na kuvipiga nyundo. Cha poliesta kilibanduka kizima na kuacha uso safi. Cha epoksi kilivunjikia ndani ya plaiwudi, na vibanzi vya mbao vikabaki vimeng'ang'ania faiba. Kwangu jaribio hilo lilimaliza mjadala wa bei kwa upande wa tezi na boriti.

Epoksi hii ilitokana na kazi ya ndugu watatu, Meade, Joel na Jan Gougeon wa Bay City, jimbo la Michigan nchini Marekani, walioanzisha kampuni yao mwaka 1969. Walikuwa wakiunda vyombo vya mbao vyenye tanga vya kuteleza juu ya barafu, na mwaka 1970 wakaunda Adagio, mashua ya mashindano ya futi 35 yenye matumbo matatu, ambayo mbao zake ziliunganishwa na kufunikwa kwa epoksi. Bidhaa iliyozaliwa katika nchi ya barafu haina budi kuchaguliwa kwa uangalifu inapoletwa pwani yetu, na uchaguzi wenyewe uko kwenye namba ya hadina.

Kwenye joto la nyuzi 22 za Selsiasi, gramu 100 za mchanganyiko wenye hadina 205 huanza kuganda koponi baada ya dakika 9 hadi 12, wenye 206 baada ya dakika 20 hadi 25, na wenye 209 baada ya dakika 40 hadi 50. Kanuni inayotumiwa na mafundi ni kwamba joto likipanda nyuzi 10, muda huo hupungua kwa karibu nusu. Kwa Dar es Salaam ya Januari, kivulini kwenye nyuzi 32, maana yake ni kwamba 205 huganda burashi haijafika mwisho wa ubao, 206 humlazimisha fundi kukimbizana nayo, na ni 209 pekee inayompa nafasi ya kulaza kitambaa, kukibana kwa rola na kutoa mapovu ya hewa bila haraka. Mchanganyiko ukiachwa mwingi kwenye kopo refu hujipasha moto wenyewe hadi kutoa moshi, kwa hiyo ni vyema kuumimina mara moja kwenye trei pana. Kazi hii yote ingefaa ifanywe wakati wa kipupwe, kuanzia Juni hadi Agosti, ambapo joto na mvua vimepungua. Kwenye hewa yenye unyevu, epoksi iliyokauka huweza kubaki na utando mwembamba wa utelezi juu yake. Utando huo huoshwa kwa maji safi na sponji ngumu ya kusugulia kabla ya msasa kupita, kwani msasa ukitangulia huusambaza tu, na tabaka linalofuata halitashika.

Kuna jambo moja ambalo fundi aliyezoea poliesta lazima afundishwe upya. Kwenye poliesta, katalisti, yaani kichocheo cha kuigandisha, hupimwa kwa asilimia ndogo, kwa kawaida 1 hadi 2, na fundi huiongeza au kuipunguza kidogo kulingana na jua. Kwenye epoksi uhuru huo haupo: hadina ni sehemu ya kitu chenyewe, na ikizidi au ikipungua, epoksi hubaki laini au hupoteza nguvu hata ikikaa mwezi. Hadina 205 na 206 huchanganywa kwa ujazo wa sehemu 5 za rezini kwa sehemu 1 ya hadina, lakini 209 huchanganywa kwa sehemu 3 kwa 1. Kampuni huuza pampu za kupimia, na zile za 209 ni za pekee, namba 303. Anayenunua 209 kisha akafunga pampu za kawaida atakuwa anaharibu kila kopo bila kujua. Pampu sahihi zikiwa mahali pake, kipimo ni mkandamizo mmoja wa rezini kwa mkandamizo mmoja wa hadina, na hata msaidizi mgeni hawezi kupotea.

Epoksi nzuri juu ya mbao mbaya ni hasara. Madukani kwetu ipo mbao inayouzwa kwa jina la marini, yenye uso mweusi au wa kahawia unaong'aa, ambayo hutengenezwa kwa ajili ya kumwagia zege. Rezini haishiki juu ya uso huo, na tabaka za ndani huweza kuwa na mapengo ambayo hayaonekani mpaka ubao ukatwe. Plaiwudi ya kuundia boti ni ile ya kiwango cha BS 1088, yenye gundi isiyoachia majini na tabaka za ndani zisizo na mapengo, na hiyo ndiyo niliyoitafuta kwa ukuta wa tezi: mbao mbili za milimita 18 zilizobandikwa pamoja, ambazo pamoja na faiba zilitoa unene wa zaidi kidogo ya milimita 40.

Mbao hizo zilipakwa epoksi tupu pande zote na hasa kingoni, zikaachwa ziinywe, kisha zikapakwa epoksi iliyokolezwa kwa unga namba 406 hadi ikawa haichuruziki ukutani, na kubanwa kwa majiliwa kiasi cha kuifanya ichomoze pembeni, si kwa nguvu ya kuikamua yote. Boriti za urefu nazo zililazwa juu ya tandiko la epoksi hiyo hiyo badala ya kugusana moja kwa moja na ganda, pembe zikajazwa kwa mviringo ili kitambaa kisivunjike kwenye kona, na juu yake kikalazwa kitambaa ambacho nyuzi zake zimelala kwa digrii 45. Matundu ya bolti za mashine yalitobolewa mapana kuliko bolti, yakajazwa epoksi iliyokolezwa kwa unga namba 404, na yalipokauka yakatobolewa upya kwa kipimo halisi, hivyo bolti sasa inapita ndani ya epoksi na haigusi mbao popote. Hatua hii ndogo ndiyo iliyokosekana tangu mwanzo.

Mipaka ya bidhaa hii ni ya kweli na inagharimu. Mkeka wa faiba wa nyuzi fupi, ambao ndio unaopatikana kwa urahisi zaidi hapa nchini, kwa kawaida hushikwa pamoja na gundi inayoyeyushwa na poliesta wala si na epoksi, hivyo ukitumiwa hapa hubaki mgumu na hauitii kona. Lazima kitafutwe kitambaa. Jelikoti ya kawaida, yaani tabaka la nje linalong'aa la boti ya faiba, kwa kuwa ni poliesta, huweza kushindwa kuiva au kushika juu ya epoksi ambayo haijaiva na kuandaliwa vizuri, na epoksi isiyofunikwa huharibiwa na jua, kwa hiyo pande za nje humaliziwa kwa rangi ya poliyurethini. Hadina huunguza ngozi, na mtu anayeigusa mara kwa mara bila glavu anaweza kupata mzio ambao humzuia kabisa kuendelea na kazi hiyo. Kwa sababu hiyo hiyo husafirishwa kwa masharti ya bidhaa hatari, jambo linalofanya mzigo wa ndege uwe ghali. Niliagiza kwa njia ya bahari na kusubiri.

Mwenye boti isiyo na mbao ndani, au anayehitaji kuziba mikwaruzo ya jelikoti, kutengeneza vifuniko vya masanduku au kurudishia viti, hana haja ya gharama hii, kwa maana poliesta itamtosha na fundi yeyote wa faiba anaijua. Anayebadilisha ukuta wa tezi au boriti anunue 105 na 209 za kutosha kazi nzima kwa mkupuo mmoja, pamoja na pampu 303, unga wa 404 na 406 na glavu za kutupa, kwa sababu kilichokwisha katikati ya kazi hakipatikani dukani kesho yake. Mimi nikiletewa boti nyingine yenye ugonjwa huo huo, nitaagiza bidhaa hizo hizo kwa namba zile zile.