Kasha la Bi Chungwa: nyota moja, na hiyo moja ni ya buibui

Nianze na mlango, maana mengine yote ni porojo.

Kasha lenyewe, nililomnunulia Bi Chungwa, tarantula wangu (yaani buibui mkubwa mwenye vinyweleo), ni zuri, sikatai. Akriliki angavu kama kioo, na hewa inapita kwenye vitundu vidogo, si wavu. Aliyewahi kumwona tarantula amenasa kucha kwenye wavu, ananing'inia kama nguo kwenye kamba, atajua kwa nini hilo nimelipenda. Lakini mlango! Unausukuma, unasikia sumaku "ta!", unaenda zako kunawa mikono, kumbe kona ya chini kushoto iko wazi. Nikapima kwa penseli. Ikapita bila hata kugusa pembeni.

Sasa mjue anayekaa humo. Bi Chungwa si wale buibui wapole wa Marekani ambao wakikasirika wanakupukutishia vinyweleo vya kuwasha. Yeye ni Pterinochilus murinus, na tarantula wa kwetu Afrika hawana vinyweleo hivyo. Neno lao ni meno. Hayaui mtu, ila waliong'atwa wanasimulia maumivu makali na misuli kukaza. Wafugaji wa hapa Uingereza, buibui wa aina yake mwenye rangi hii ya chungwa wanamwita "Usambara". Mimi nimezaliwa Lushoto, kwenye milima ya Usambara yenyewe. Yeye kaanguliwa kwenye kopo la mfugaji huku Ulaya, hajawahi kuiona milima hata kwa picha, na kati yetu wawili yeye ndiye Usambara. Mama alipoona picha yake kwenye simu alisema, "Mwanangu, huko paka wamekwisha?"

Kumhamisha nilijiandaa kama nampokea mgeni rasmi. Makumbi ya nazi, ambayo Tanga tunawashia moto na hapa nimeyanunua kwa pauni, nikayashindilia mpaka zaidi ya nusu ya kasha ili apate pa kuchimba, na asiwe na pa kuangukia. Tumbo la tarantula likidondoka kutoka juu linaweza kupasuka kama nyanya. Gome la mti nikaliegemeza pembeni. Maji kwenye kifuniko cha soda. Kazi yenyewe niliifanyia ndani ya bafu la kuogea, tundu la maji limezibwa, kwa kikombe cha plastiki na brashi laini ya rangi. Nilimgusa mguu wa nyuma kidogo tu. Akainua miguu ya mbele, akanionyesha meno, halafu sikuona kitu: alikuwa hapa, akawa ndani ya kikombe. Miaka sita nafuga na mkono bado ulitetemeka.

Usiku alizunguka kwenye kuta. Hilo la kawaida, nyumba ngeni. Lakini alfajiri nawasha taa naona miguu miwili ya rangi ya chungwa imetoka nje kwenye ile kona, inapapasa ubao wa kabati taratibu, kama mtu anayetafuta swichi gizani. Nilimrudisha kwa brashi na nikafunga kasha zima kwa selotepu. Pauni zote zile, nikaishia selotepu!

Nikawaandikia dukani, kwa adabu kabisa. Jibu likaja baada ya siku kadhaa: "Tafadhali tutumie video ikionyesha mnyama akitoka." Nilisoma mara tatu. Yaani nikae nimeshika simu, yule bibi anapanda pazia, nami nawatafutia pembe nzuri ya kupigia? Nikajibu kwamba penseli inatosha kuwa ushahidi. Wakasema wateja wengine hawajalalamika, na labda aina hii haimfai anayeanza. Anayeanza! Nyota sifuri. Natamani kungekuwa na chini ya sifuri.

Ila nisiwe mwongo. Kama wiki moja hivi alikataa kula, mende nikawatoa kila asubuhi. Kisha akaanza kusokota. Utando ulishuka kutoka kwenye gome, mweupe, mzito, ukatandazwa juu ya makumbi, na mwisho ukafika kwenye ile kona. Akaiziba. Kwa tabaka juu ya tabaka, mpaka penseli haipiti tena. Siku hiyo hiyo akamkamata mende wake wa kwanza kabla hajagusa chini. Nilikaa mbele ya lile kasha na chai ikapoa, na nakiri kwa utulivu ule nilitaka kuwapa nyota tatu, kwa sababu anaonekana vizuri mno humo ndani.

Halafu nikataka kubadilisha maji. Mlango haufunguki bila kuuchana utando wake. Kwa hiyo namtilia kwa sirinji kupitia kitundu cha hewa, nimepiga magoti, kama muuguzi. Zimerudi kuwa moja.

Juzi dukani wameniandikia tena. Wameona picha niliyoiweka, wanaomba ruhusa waitumie kwenye tangazo lao. Nimewaambia wasubiri video.