Kiigizi cha mtandao wa kwantumu: nodi nne na mdukuzi mmoja

Nimekitumia kiigizi hiki, yaani programu ya kuiga mtandao, wiki tatu kwenye laptopu yangu kuukuu. Humo nodi (kompyuta) za blokucheni, daftari la pamoja linaloandikwa bloku kwa bloku, hugawana funguo za siri kwa itifaki ya BB84, njia ya kupeana funguo kwa chembe za mwanga, ile ya Bennett na Brassard ya mwaka 1984, kisha hupigia kura bloku inayofuata.

Upande wa funguo ni mtamu. Nilimweka mdukuzi katikati ya njia, anapima kila fotoni (chembe ya mwanga) na kuituma upya. Papo hapo makosa kwenye funguo yakaruka kutoka sifuri hadi karibu asilimia 25, funguo zikatupwa. Nilirudia mara tano, kwa raha zangu tu.

Kwenye kura ndipo niliponuna. Nodi nne zinatakiwa kuvumilia nodi moja mbovu, iwe inadanganya au imezimika. Nikazima moja, kazi ikaendelea. Nikazima ya pili, skrini ikaganda kimya, bila ujumbe wowote. Kusimama ni sawa, maana kura tatu zinazohitajika kupitisha bloku hazipatikani tena. Lakini si mniambie basi! Dakika 40 nzima nikiilaumu laptopu.

Mwongozo una kurasa sita, nne ni picha. Nyota tatu kati ya tano. Wakirekebisha huko kuganda, naongeza moja.