Uzoefu wangu: Rhodes kwa saa tano, na gari la peke yetu

Meli ya utalii tuliyopanda, mimi na rafiki yangu mzaliwa wa Lubumbashi, ilipangiwa kukaa katika bandari ya Rhodes, kisiwa cha Ugiriki, kuanzia asubuhi hadi jioni, nasi hatukutaka kuutumia muda huo ndani ya basi lililojaa watu, tukifuata kibendera cha mwongozaji tusiyeweza hata kumsikia vizuri. Kwa hiyo, wiki kadhaa kabla ya safari, tuliagiza kwa intaneti ziara ya binafsi ya saa tano kutoka kampuni ndogo ya hapo kisiwani: gari moja, dereva mmoja, na abiria ni sisi wawili tu. Huduma ilikuwa nzuri na ningeilipia tena, lakini lipo jambo ambalo tangazo lao halikuliweka wazi, na yeyote anayefikiria kununua ziara ya namna hii popote nchini Ugiriki anapaswa kulijua kabla hajalipa.

Jambo lenyewe ni la kisheria. Katika Ugiriki, kuwaongoza wageni ndani ya maeneo ya kale na makumbusho ni kazi ya watu waliosomea na kupewa leseni. Dereva wa gari la watalii, hata awe anaijua historia ya kisiwa chake kwa moyo, husimulia akiwa garini na kukuacha langoni; hawezi kuingia nawe na kukueleza ukutani kuna nini. Tangazo la kampuni yetu lilisema ni ziara yenye mwongozo, likaonyesha na picha za mahekalu, na msomaji wa kawaida angedhani kwamba mwongozo huo unafika mpaka kwenye mahekalu yenyewe. Nilipowaandikia kuuliza ni nani hasa atakayeingia nasi ndani, ndipo wakajibu kwamba mwongozaji mwenye leseni ni huduma ya ziada, yenye malipo yake. Gari lilikaribia euro 300, na mwongozaji wa saa mbili alituongezea karibu nusu ya kiasi hicho, mbali na tiketi za viingilio ambazo kila mtu hujilipia. Tuliamua kumchukua mwongozaji kwa ajili ya mji wa kale wa Rhodes peke yake na kupanda wenyewe kwenye ngome ya kale ya kijiji cha Lindos, na ningemshauri mtu mwenye muda mfupi agawanye fedha zake hivyo hivyo, kwa sababu nitakazozieleza.

Dereva alitupokea nje ya lango la bandari akiwa na karatasi yenye jina langu, kabla ya saa mbili asubuhi, na bila kupoteza muda akaelekea kusini. Mpango uliochapishwa ulianza na mji, kisha Lindos, lakini yeye aliupindua kwa ridhaa yetu, akisema kwamba mabasi ya meli yote huenda Lindos katikati ya asubuhi na kwamba atakayefika wakati huo atapanda ngazi nyuma ya migongo ya watu. Uamuzi huo mmoja ulistahili sehemu kubwa ya bei tuliyolipa. Njia ni ya takriban kilometa 50, barabara ni nzuri, na mazungumzo yake hayakuwa ya kukariri: alituonyesha mashamba ya mizeituni, na alitusimulia habari za moto wa Julai 2023, ambapo wakazi na watalii wapatao 19,000 walihamishwa kutoka vijiji na hoteli za upande huo wa kisiwa, wengine kwa mashua kutoka ufukweni.

Magari hayaingii katika kijiji cha Lindos. Unashushwa juu, unateremka kwa miguu kati ya nyumba nyeupe na vichochoro vilivyotandikwa kokoto nyeusi na nyeupe, kisha unaanza kupanda kuelekea ngome iliyo juu ya mwamba wenye kimo cha mita 116 kutoka baharini. Wapo punda wa kukodi kwa wasiotaka kutembea. Sisi tulitembea, na sitajifanya kuwa ngazi hizo, ambazo zinakaribia mia tatu, ni jambo dogo. Mawe yamelainishwa na nyayo za karne nyingi hata yanateleza yakiwa makavu, kivuli hakuna, na mtu mwenye magoti mabovu afikirie mara mbili. Dereva alikuwa ametuagiza tusimame chini ya ngazi ya mwisho na kuangalia mwamba uliopo hapo, kwa kuwa watu wengi hupita bila kuiona kazi bora kuliko zote: tezi, yaani sehemu ya nyuma, ya meli ya kivita iliyochongwa ndani ya jabali lenyewe mnamo mwaka 180 kabla ya Kristo, na ambayo hapo zamani ilikuwa msingi wa kusimamishia sanamu. Mimi niliyekulia Mombasa, nimezoea kuona vyombo vikichongwa mbao pwani, nilikaa hapo muda mrefu kuliko nilivyokaa mbele ya hekalu.

Hekalu lenyewe, la mungu wa kike Athena wa Lindos, ni dogo kuliko picha zinavyolionyesha, na sehemu ya nguzo zilizosimama ni kazi ya ukarabati. Waitaliano, walioitawala Rhodes tangu mwaka 1912, walijenga upya nguzo nyingi kwa kutumia saruji na vyuma, vyuma hivyo vikashika kutu na kupasua mawe, na Wagiriki ikawabidi kuirudia kazi hiyo kwa njia iliyo bora. Kinachomlipa mpandaji ni mahali palipo hekalu. Ukisimama ukingoni unaona chini yako ghuba ndogo iliyofungwa karibu pande zote na majabali, ambayo wenyeji wanaiita ya Mtakatifu Paulo, kwa kuwa mapokeo yanasema Mtume alitia nanga hapo. Wasomaji wa Biblia watakumbuka kwamba kisiwa hiki kinatajwa kwa jina la Rodo katika Matendo ya Mitume, sura ya 21. Vibao vya maelezo vinatosha kwa mtu anayesoma kwa utulivu, na ndiyo sababu sioni haja ya kulipia mwongozaji hapa. Tulipokuwa tukishuka, safu ya kwanza ya vibendera ilikuwa ikipanda.

Wakati wa kurudi tulisimama Kallithea, penye majengo ya chemchemi za tiba yaliyojengwa na Waitaliano mwishoni mwa miaka ya 1920. Ni mahali pazuri pa kupigia picha za harusi. Kwa ziara ya saa tano ningepaacha.

Mwongozaji wetu, mama wa makamo mwenye beji ya leseni kifuani, alitungoja Mandraki, bandari ndogo ya zamani, karibu na nguzo mbili zenye sanamu za kulungu dume na jike. Hapo ndipo kila mgeni huuliza lilikosimama lile sanamu kubwa la shaba la mungu jua Helios, mojawapo ya maajabu saba ya dunia ya kale, na hapo ndipo nilipoanza kumheshimu mwongozaji huyu, kwa sababu alikataa kutuuzia hadithi. Alisema kwamba sanamu lilifanywa na Chares wa Lindos katika karne ya tatu kabla ya Kristo, kwamba lilikuwa na kimo cha mita zipatazo 33, na kwamba lilianguka kwa tetemeko la ardhi mnamo mwaka 226 kabla ya Kristo, lakini picha zinazolionyesha limetanua miguu huku meli zikipita chini yake ni ndoto za wachoraji wa baadaye, na mahali lilipokuwa hapajulikani kwa hakika. Alitusimulia pia ile habari ya kwamba Waarabu walipokiteka kisiwa katika karne ya saba waliuza shaba iliyobaki, ikabebwa na ngamia 900, kisha akatuachia wenyewe tupime ngamia hao walifikaje kisiwani.

Kutoka hapo tuliingia ndani ya kuta, na gari likabaki nje, kwa kuwa mji wa kale ni wa kutembea kwa miguu. UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1988, na ni rahisi kuelewa kwa nini: watawa wapiganaji wa Mtakatifu Yohane, waliokishika kisiwa mwaka 1309, walijenga mji wa mawe wenye mahandaki makavu mapana kiasi kwamba leo watu hufanya mazoezi ya kukimbia ndani yake. Bila mwongozaji, Mtaa wa Wapiganaji, ambao kwa Kigiriki unaitwa Ippoton, ungekuwa kwetu kichochoro kizuri tu cha mawe. Pamoja naye tuliusoma nyumba kwa nyumba, kwa nembo zilizo juu ya milango, tukajua ni wapi walipokutana na kula watawa waliozungumza Kifaransa, wapi Waitaliano, wapi Wahispania, maana chama chao kiligawanywa kwa lugha na kila kundi lililinda sehemu yake ya ukuta.

Jumba la Mkuu wao, lililo mwisho wa mtaa huo, ndilo linalopigwa picha kuliko yote, na ndilo lililonigusa kidogo kuliko yote. Jengo la asili liliharibiwa vibaya mwaka 1856 kwa mlipuko wa baruti iliyokuwa imehifadhiwa jirani, na tunaloliona leo ni la Waitaliano, waliolijenga upya kati ya mwaka 1937 na 1940 na kutandika sakafuni michoro ya vijiwe waliyoitoa kisiwa cha Kos. Michoro ni ya kale kweli na ni mizuri. Nyumba ni mpya na inajivuna. Mwongozaji aliyasema hayo waziwazi, na nadhani dereva pekee, au sauti ya kukodi inayosikilizwa kwa vifaa vya masikioni, isingetuambia. Kuhusu Sultani Suleiman wa Waturuki, aliyeuzingira mji kwa muda wa miezi sita mwaka 1522 na kuwaacha watawa waondoke na silaha zao siku ya kwanza ya mwaka 1523, alizungumza kwa haki, bila kumfanya shetani wala malaika, tukiwa tumesimama chini ya msikiti wa rangi ya waridi wenye jina la sultani huyo.

Nusu saa ya mwisho haikuwa katika mpango wa kampuni hata kidogo. Rafiki yangu ndiye aliyeiomba, na mwongozaji aliikubali papo hapo bila kudai nyongeza, jambo ambalo kundi la basi lisingelipata kamwe. Aliomba tupelekwe mtaa wa Wayahudi, upande wa mashariki wa mji wa kale. Wakazi wake wengi walikuwa wa uzao wa Wayahudi waliofukuzwa Hispania mwaka 1492, na walihifadhi Kihispania chao cha zamani kwa zaidi ya karne nne. Katika miongo ya kwanza ya karne ya 20 vijana wao wengi waliondoka kutafuta maisha, wakafika Rhodesia ya Kusini na Kongo ya Wabelgiji, hasa Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, wakawa wafanyabiashara. Baba yake Moïse Katumbi, gavana wa zamani wa Katanga, alitoka katika jumuiya hiyo. Waliobaki kisiwani walikamatwa na Wajerumani, na mwezi Julai 1944 zaidi ya 1,600 kutoka Rhodes walisafirishwa hadi kambi ya mauaji ya Auschwitz; waliorudi wakiwa hai walikuwa kama 150.

Sinagogi ya Kahal Shalom, ya mwaka 1577, ni ya zamani kuliko zote zinazotumika bado nchini Ugiriki. Ukutani yapo majina ya koo zilizopotea. Rafiki yangu aliyasoma polepole, na kwa baadhi ya majina aligeuka kuniambia ni la duka gani la mjini kwao alilolijua utotoni, au la mfanyabiashara gani aliyetajwa na babu yake. Mwongozaji akaacha kueleza na kuanza kuuliza yeye, akiandika majibu katika daftari lake. Ziara za binafsi hutangazwa kwa gari la kifahari na maji baridi, lakini mimi nililipia uwezekano wa kubadilisha njia kwa namna hiyo, na niliupata.

Kwa mtu mmoja, bei ni kubwa mno, na basi la meli litamtosha. Kwa watatu au wanne, kwa kuwa gari hulipiwa zima na si kwa kichwa, gharama hukaribiana na ile ya meli na faida huwa wazi. Mkumbuke tu kwamba meli husubiri wateja wa ziara zake yenyewe wanapochelewa, lakini haimsubiri aliyejitafutia gari. Sisi tulimwambia dereva wetu saa ya kufungwa kwa ngazi ya meli tangu asubuhi, na aliturudisha kwa nafasi ya kutosha. Wenye pasipoti za Tanzania au Kenya wahakikishe viza yao ya Schengen inawaruhusu kuingia Ugiriki siku hiyo, hasa ikiwa meli imepita Uturuki katikati ya safari, kwa sababu hapo inahitajika ruhusa ya kuingia zaidi ya mara moja. Kampuni nimeipa nyota nne, na ile ya tano nitaiongeza watakapoandika ndani ya tangazo, kwa herufi zinazosomeka, kwamba dereva haingii maeneo ya kale. Anayetaka kuiona Kahal Shalom asichague Jumamosi, kwa kuwa siku hiyo haifunguliwi kwa watalii.