Vitabu Vipya vya Vijana: Nani Anasimulia, Nani Anahubiri

Haya, karibuni tena. Rundo mnaloliona hapa pembeni yangu ndilo kazi yetu ya leo: vitabu vya vijana vilivyotoka kati ya mwaka 2023 na 2025. Nimevichanganya makusudi. Kuna vita, kuna mapenzi, kuna upelelezi, kuna mashairi, kuna historia ya kweli na kuna cha picha. Vyote nimevisoma kwa Kiingereza, kwa hiyo majina nitayataja kama yalivyo kwenye jalada.

Kabla sijafungua hata kimoja, niwaambie ninapimaje. Kitabu cha kijana nakipima kwa swali moja tu: mwandishi anamwamini msomaji wake, au anamhubiria? Mtoto wa miaka 15 ananusa mahubiri mapema sana. Mhusika akianza tu kuongea kama mwalimu wa zamu, kitabu kinafungwa na simu inafunguliwa. Ukishakuwa na swali hilo, aina ya kitabu haikusumbui tena. Kuna vitabu vya mazimwi vinavyomheshimu msomaji, na kuna vitabu vya maisha ya kawaida vinavyomchukulia kama mtoto wa chekechea.

Tuanze na hiki, maana najua ndicho wengi mmekifuata hapa. Sunrise on the Reaping, wa Suzanne Collins, kilitoka Machi 2025, na wiki ya kwanza tu ziliuzwa nakala zaidi ya milioni moja. Ni ulimwengu uleule wa The Hunger Games, kile kitabu cha 2008: nchi ya Panem, wilaya kumi na mbili, na kila mwaka watoto wanachukuliwa kwa kura kwenda kuuana mbele ya kamera. Hapa tunarudi nyuma miaka 24 kabla ya hadithi ya Katniss, yule msichana anayesimulia kile cha 2008, kwenye michezo ya hamsini, ambapo wakubwa waliamua idadi iongezwe mara mbili. Badala ya watoto 24, wanakwenda 48. Msimulizi ni Haymitch, yule mlevi aliyekuja kuwa mshauri wa Katniss. Siku ya kura ni siku yake ya kuzaliwa. Anatimiza miaka 16.

Sasa utaniuliza, kuna raha gani kusoma hadithi ambayo mwisho wake unaujua? Haymitch tunajua atatoka hai. Tumeshakutana naye akiwa mtu mzima, chupa mkononi. Hata namna alivyoshinda tulishaonyeshwa, maana kwenye kitabu cha pili Katniss na Peeta, mwenzake wa michezoni, walikaa wakatazama mkanda wa michezo ile.

Na hapo ndipo Collins amecheza vizuri kweli. Ule mkanda ulikuwa umehaririwa. Sisi wasomaji tuliamini kile Katniss alichokiona kwa sababu tulikiona pamoja naye, na sasa Haymitch anatusimulia kilichotokea kabla ya mkasi kupita. Unasoma huku unahisi umedanganywa wewe mwenyewe, si mhusika. Kitabu kinazungumzia propaganda, lakini hakuna mzee anayesimama katikati ya sura kueleza propaganda ni kitu gani. Unaionja kwanza, jina utalitafuta baadaye. Mwanzoni kabisa mwandishi ameweka maneno ya mwanafalsafa David Hume kuhusu jinsi wachache wanavyoweza kuwatawala wengi kirahisi, basi, kisha anakuachia.

Lawama ninayo. Nyuso zinazojulikana zimejaa mno. Kila ukigeuza ukurasa, huyu ni fulani wa kitabu cha kwanza, yule ni fulani wa cha pili, na kuna wakati nilitamani Haymitch akutane na mtu mmoja tu ambaye hatatusaidia kuunganisha vitabu. Pia wimbo na shairi vimechukua nafasi kubwa kuelekea mwisho. Mimi nilivumilia, wengine mtaruka. Lakini kurasa zile za mwisho, jamani... siwaambii. Usizisomee kwenye basi.

Je, unaweza kuanza na hiki bila kusoma vya nyuma? Hadithi utaielewa. Utakachokosa ni ule uchungu wa kujua mambo kabla ya Haymitch. Anza na kile cha 2008.

Tuhamie kwenye mapenzi yenye uchawi kidogo. Divine Rivals, wa Rebecca Ross, cha mwaka 2023. Iris na Roman ni waandishi chipukizi kwenye gazeti moja, wanagombea nafasi moja, na hawapikiki chungu kimoja. Nyumbani kaka yake Iris ameondoka kwenda vitani, vita vya miungu wawili waliozinduka, na Iris anamwandikia barua. Anazipiga kwa mashine ya taipu, anazisukuma chini ya mlango wa kabati la nguo, na barua zinatoweka. Zinakwenda wapi? Kwa Roman. Naye anaanza kujibu bila kusema yeye ni nani.

Wapenda mapenzi wa maadui wanaogeuka wapenzi, hiki chenu. Uzuri wake ni kwamba uchawi umewekwa kwenye kitu kidogo sana, barua, na kwamba vita si pambo la nyuma. Tunafika kwenye mahandaki, tunaona majeruhi, na mwandishi wa habari anajifunza tofauti kati ya kuandika juu ya vita na kuwa ndani yake. Ila ile miungu yenyewe haikunishawishi. Imebaki majina mpaka karibu na mwisho. Na mjue kimekatika pale unapoanza kushika roho, kwa hiyo uwe na Ruthless Vows karibu, ndicho kinachomalizia. Wazazi, kuna mapenzi ya wakubwa kidogo humu, yameandikwa kwa staha, lakini yamo. Kwa wa miaka 12 ningesubiri.

Mkitaka mazimwi na dola za kifalme hasa, Tomi Adeyemi alimaliza safari yake ya vitabu vitatu mwaka 2024 kwa Children of Anguish and Anarchy. Nakitaja tu kwa onyo moja: usianze na hicho. Nguvu zote za hadithi hiyo, miungu ya Kiyoruba, Zélie na watu wake waliokatwa uchawi wao, zimejengwa kwenye Children of Blood and Bone cha 2018, na kwa maoni yangu cha kwanza kinabaki kuwa bora kuliko viwili vilivyofuata.

Upelelezi. Holly Jackson, The Reappearance of Rachel Price, 2024. Mama yake Bel alitoweka Bel akiwa mtoto mdogo asiyefikisha hata miaka miwili, na huyo mtoto ndiye aliyekuwa shahidi pekee. Baba alishtakiwa kwa mauaji, akaachiwa. Sasa Bel ana miaka 18, kuna watu wa filamu wamekuja kurekodi kisa cha familia yao, na katikati ya kurekodi, mama anatokea. Anaingia nyumbani na maelezo yake yote ya alikokuwa miaka kumi na sita.

Na Bel hamwamini.

Nataka mlione hilo vizuri. Mwandishi mwingine angetupa machozi na kukumbatiana sura nzima. Jackson anampa binti haki ya kutompenda mama aliyerudi, na anakuacha na wewe ukae kwenye hali hiyo ngumu: kila mtu anafurahi, wewe peke yako unahesabu mahali ambapo maelezo hayakai sawa. Bel si msichana wa kupendeka. Ana ulimi mkali, anawafukuza watu kabla hawajamwacha. Kuna msomaji atamchoka. Mimi nilimwelewa haraka kuliko nilivyoelewa kesi yenyewe. Mafumbo yamefungwa vizuri, ingawa theluthi ya mwisho inahitaji uwe na moyo wa kukubali mambo makubwa yakitokea mfululizo.

Wa vitisho msinune. You're Not Supposed to Die Tonight, Kalynn Bayron, 2023: vijana wamepata kazi ya msimu kambini, kazi yao ni kuigiza filamu ya mauaji ili watalii watishike, kisha wafanyakazi wanaanza kupotea kweli. Kinakimbia, utakimaliza kwa kikao kimoja. Mwisho umekuja kwa pupa. Tuendelee.

Sasa hiki. Hiki ndicho nilichokuwa nakisubiri kukizungumzia. Bright Red Fruit, cha Safia Elhillo, 2024. Elhillo ni mshairi, Mmarekani mwenye asili ya Sudan, na kitabu chote kimeandikwa kwa mashairi. Ndiyo, riwaya nzima. Sisi tuliozoea tenzi hatuna sababu ya kushangaa hadithi ndefu ikisimuliwa kwa beti, ila humu usitafute vina wala mizani. Ni mashairi huru, mistari mifupi, kurasa nyingine zina maneno machache tu na weupe mwingi.

Samira anaishi Washington, D.C., na mama yake. Jina lake limeshachafuka kwenye jamii yao. Si kwa jambo kubwa alilofanya; ni maneno ya watu, na maneno ya watu yakishatoka hayarudi. Likizo imefika, amefungiwa ndani. Kinachobaki ni mashairi na mtandao. Mtandaoni anakutana na mshairi mwenye jina, Horus, aliyemzidi umri, anayemwambia ana kipaji. Mtu mzima yeyote atakayesoma hapo atashtuka. Samira hashtuki. Kwa nini ashtuke? Nyumbani anaambiwa ni msichana mbaya, huko anaambiwa ni mshairi.

Hii mada, ya mtu mkubwa anayemrubuni binti kupitia mtandao, ndiyo mada inayoongoza kwa kuandikiwa mahubiri. Mnavijua vile vitabu: msichana hakusikia la mkuu, akavunjika guu, mwisho wa hadithi. Elhillo hafanyi hivyo hata mara moja. Anatuweka ndani ya kichwa cha Samira mpaka tunaona jinsi sifa moja inavyoweza kuwa tamu kwa mtu aliyekaa bila kusifiwa. Kisha polepole beti zinabadilika. Samira anaanza kuandika ili ampendeze Horus, na unaona mashairi yenyewe yanapoteza sauti yake. Hakuna anayekuambia, unaliona kwenye ukurasa. Hilo nathari isingeliweza kirahisi hivyo.

Ndani yake umepita ule mkasa wa kale wa Kigiriki, Persephone aliyekula punje za komamanga kuzimu na kwa hiyo akalazimika kurudi huko sehemu ya kila mwaka. Ndilo tunda jekundu la kwenye jalada. Lakini kilichonigusa zaidi ni mama. Katika kisa cha Persephone kuna mama anayemtafuta binti yake, na hapa kuna mama anayemlinda binti kwa namna inayomsukuma mbali. Mama huyu hakuchorwa kama adui. Ana hofu, na hofu hiyo ina historia.

Kitabu hiki kilitajwa kwa heshima kwenye tuzo ya Printz mwaka 2025, tuzo ya wakutubi wa Marekani kwa vitabu vya vijana. Ningekuwa mimi kwenye jopo, ningebisha kidogo kuhusu nani achukue ya kwanza, ingawa kilichoshinda nacho kiko hapa, nakuja nacho.

Kwanza historia ya kweli. The Enigma Girls, Candace Fleming, 2024. Wasichana kumi, wengi bado wa rika lenu, waliofanya kazi ya siri Uingereza wakati wa vita vya pili vya dunia, katika ile kazi ya Bletchley Park, kituo cha siri cha kuvunja mafumbo ya Wajerumani. Mashine ya Enigma, ambayo Wajerumani waliitumia kuficha ujumbe wao, ilibadilishiwa mipangilio kila siku, kwa hiyo kila usiku wa manane kazi ilianza upya. Ilikuwa na kasoro moja: herufi haikuweza kamwe kugeuka kuwa yenyewe. Ukibonyeza A, hupati A. Kasoro ndogo kama hiyo iliwapa wavunja mafumbo mahali pa kuanzia.

Ninachompendea Fleming ni kwamba hakuwafanya wote kuwa mabingwa wa hesabu. Wengi wao walipanga kadi, wengine walisimama zamu nzima wakihudumia mashine zenye kelele na kuchuruzika mafuta, bila kuambiwa kazi ile ni ya nini. Walikula kiapo cha siri, na siri ile haikuanza kutoka hadharani mpaka miaka ya 1970. Kuna wazazi waliokufa bila kujua binti zao walifanya nini vitani. Katikati ya sura kuna vipande vinavyokufundisha namna mafumbo yanavyofanya kazi, na picha ni nyingi. Shida yake ni kwamba wasichana kumi ni wengi kwa kitabu kimoja. Ukifika katikati unaanza kuwachanganya, weka karatasi pembeni uandike nani ni nani.

Na sasa mshindi wa Printz 2025: Brownstone. Maneno ni ya Samuel Teer, picha za Mar Julia. Almudena ana miaka 14, analelewa na mama, na likizo hii anapelekwa kwa baba ambaye hajawahi kumwona, mtu wa Guatemala anayekarabati nyumba kuukuu. Baba Kiingereza kinamsumbua, binti Kihispania hajui. Wanafanya nini? Wanabomoa kuta, wanapiga rangi, wanagombana kwa ishara. Riwaya ya picha inafaa kisa hiki kwa sababu wahusika wenyewe hawana maneno; uso wa baba anapoona amekosea unamaliza kurasa mbili za maelezo. Majirani wamechorwa kwa mapenzi pia, kila mmoja na jambo lake, ingawa wawili watatu wangestahili nafasi zaidi.

Kuna watu bado wananiambia cha picha si kusoma. Wachukue hiki, kisha tuongee.

Wengi mmekuwa mkiniuliza mumpe nini mdogo wenu anayesema hapendi vitabu. Mpe Brownstone. Mwachie mezani, usimuulize amefika wapi.