Seti ya kukarabati pampu ya vakyumu ya kuoshea kioo: uzoefu wangu kwenye Buick ya 1954

Nianze na jibu: seti hii inafaa kununuliwa. Diaframu yake, yaani utando wa mpira unaovuta na kusukuma maji, ni bora kuliko nilivyotegemea, valvu zinakaa sawasawa, na pampu ya Trico iliyokuwa imekufa kabisa sasa inarusha maji hadi juu ya kioo cha mbele. Mpira wa vakyumu (bomba la kupitishia mvuto wa hewa wa injini) uliokuja nayo ndio sikuupenda hata kidogo, na nitaeleza sababu, kwa kuwa mtu akiufunga hivyo hivyo ataamini pampu bado mbovu.

Gari ni Buick Special ya 1954, injini ya V8, na ninaishi nalo hapa Buffalo, jimbo la New York. Ukizungumzia waipa, mji huu una historia yake. Ni hapa John R. Oishei alipoanzisha kampuni ya Trico mwaka 1917, akianza na kipangusio cha mpira kilichosukumwa kwa mkono, na kwa miongo mingi magari mengi ya Marekani yalitoka viwandani yakiwa na waipa za Trico. Miaka ya 1980 kazi ikahamishiwa Texas na Meksiko. Sehemu ya majengo ya kiwanda cha zamani ingalipo Washington Street, na mimi hupenda kupita pale. Kwa hiyo nilipofungua boneti na kukuta jina la Trico juu ya kifuniko cha chupa ya maji, sikutaka hata kusikia habari za kung'oa kitu kile na kufunga pampu ya umeme ya plastiki. Waliniambia wengi kwamba ya umeme ni rahisi. Ni kweli ni rahisi. Lakini Buick hii ilitengenezwa ifanye kazi hiyo kwa hewa, na nilitaka ifanye kwa hewa.

Kwa asiyewahi kuiona: kuna chupa ya kioo pembeni ya injini, na kifuniko chake cha bati ndicho kilichobeba pampu yote. Ndani ya kifuniko kuna chumba kidogo, diaframu ya kitambaa kilichopakwa mpira, springi, na valvu mbili zinazoruhusu maji kwenda upande mmoja tu. Hakuna waya wa umeme popote. Ukibonyeza kitufe cha dashibodi, mvuto wa hewa kutoka kwenye manifoldi, yaani mabomba ya kuingizia hewa na petroli kwenye injini, unaifikia diaframu na kuivuta juu. Springi inabanwa, maji yanapanda kutoka chupani na kujaza chumba. Ukiachia kitufe, hewa ya nje inaingia, springi inaisukuma diaframu irudi chini, na maji yanatoka kwenye nozeli zilizo chini ya kioo. Yaani anayerusha maji ni springi. Injini kazi yake ni kuibana tu. Mtu akibonyeza na kushikilia huku akingoja maji, atangoja sana.

Nguvu yenyewe si ndogo. Injini isiyo na hitilafu ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta huvuta inchi 17 hadi 21 za zebaki (kipimo cha vakyumu) kwenye geji. Chukua 18: hiyo ni karibu pauni 9 kwa kila inchi ya mraba. Diaframu yenye upana wa inchi 2 hapo inavutwa kwa nguvu ya zaidi ya kilo 12. Ndiyo maana mpira ukishakakamaa haudumu. Unavutwa na kuachiwa, unavutwa na kuachiwa, mpaka unapasuka ukingoni.

Nilimpigia simu mjomba wangu Dar es Salaam, fundi wa siku nyingi pale mtaa wa Gerezani, nikamweleza. Akaniuliza, "Mwanangu, hakuna waya hata mmoja?" Nikamjibu, "Hata mmoja, Mjomba." Akanyamaza kidogo, kisha akanikumbusha Volkswagen Beetle alizokuwa akizitengeneza, ambazo maji ya kioo yalisukumwa na upepo wa tairi la spea. Akasema basi hawa ni ndugu, mmoja anasukuma, mwingine anavuta. Halafu akaniuliza swali lililonisaidia kuliko maelekezo yote yaliyokuja na seti: "Diaframu ikipasuka, maji yanaenda wapi?"

Yanaenda kwenye injini. Hili liwekeni akilini. Upande wa juu wa diaframu umeunganishwa na manifoldi. Ikitoboka, kila ukibonyeza kitufe injini inanyonya hewa isiyopitia karibureta, inaanza kutetemeka, na nyuma yake maji ya chupani yanafuata njia hiyo hiyo. Ukiona moshi mweupe kila unapoosha kioo, acha kubonyeza na uchomoe mpira wa vakyumu, uuzibe, kabla hujafanya jambo jingine.

Seti ilifika kwa posta ndani ya bahasha nene. Ndani mlikuwa na diaframu, valvu mbili, gasketi ya kifuniko, springi mpya, chujio dogo la bomba la kunyonyea, na mipira miwili. Gharama yote haikufika dola 70. Karatasi ya maelekezo ni ukurasa mmoja wenye mchoro mzuri, ila haisemi lolote kuhusu kupima kabla ya kufunga, na hilo ni pengo kubwa.

Kazi iliyokula muda ni kufungua kifuniko. Kile cha kwangu hakina skrubu. Ukingo wa bati la juu umekunjwa kuzunguka bati la chini, pande zote. Ukiingiza bisibisi na kukwanyua kwa haraka, bati linachanika, na ukishachana umepoteza kitu ambacho dukani hakipo. Nilitumia bisibisi pana iliyonolewa ubapa, nikainua ukingo kwa unene wa ukucha, nikasogea kidogo, nikainua tena, nikizunguka duara zima mara nyingi badala ya kumaliza sehemu moja. Mafuta ya kulegeza kutu sikuyaweka, kwa sababu mafuta na aina nyingi za mpira hawapatani. Bati la juu lilipoachia, diaframu ya zamani ilionekana: nyeusi, imekauka, na kwenye ukingo kulikuwa na ufa mwembamba uliochukua karibu robo ya duara. Nilipoukunja mpira ule, ulivunjika kama biskuti. Chini yake springi ilikuwa na kutu ya rangi ya chungwa kwenye mizunguko miwili ya mwisho, na valvu ya kutolea maji ilikuwa imeganda kwa chokaa nyeupe.

Chokaa niliiondoa kwa siki ya kawaida ya jikoni, nikaacha vipande vilale humo usiku kucha, kisha mswaki laini na maji ya moto. Siki iliyokaa muda mrefu mno huanza kula zinki, kwa hiyo asubuhi nilisuuza vizuri na kukausha kwa upepo wa kompresa. Petroli msiiguse kwa kazi hii.

Diaframu mpya ndiyo iliyonifanya niandike haya. Muuzaji anasema ni mpira wa naitrili juu ya kitambaa, na huo ndio uchaguzi sahihi. Upande mmoja inakutana na maji yenye sabuni na spiriti, upande mwingine inakutana na mvuke wa petroli na ukungu wa mafuta kutoka kwenye manifoldi. Mpira wa aina ya EPDM, ule wa mipira mingi ya rejeta, unavumilia maji na spiriti vizuri sana lakini mafuta yanauvimbisha. Nimeona diaframu zinazouzwa bei rahisi ambazo hazitaji hata zimetengenezwa kwa nini. Hii ilikaa kwenye mfereji wake bila kulazimishwa, matundu yakalingana, na ilikuwa laini kiasi cha kukunjika kwa vidole bila kuacha alama.

Kabla ya kurudishia ukingo wa bati nilibana vipande vyote kwa vibanio na kupima kwa pampu ya mkono yenye geji. Nilivuta hadi inchi 15 na kutazama mshale. Ulitulia. Dakika ikapita, mshale upo palepale. Hapo ndipo nilipokunja ukingo kwa kugonga taratibu na nyundo ya plastiki, upande huu kisha upande wa pili unaokabiliana nao, ili diaframu isivutwe kuelekea sehemu moja. Nikapima tena. Ningeomba kila anayenunua seti hii atafute au aazime pampu ya namna hiyo. Bila geji unafunga kwa kubahatisha.

Sasa ile mipira. Mpira wa maji hauna tatizo. Mpira wa vakyumu una ukuta mwembamba mno. Injini ikiwa baridi ulifanya kazi, maji yakaruka vizuri. Injini ilipopata joto mpira ukalainika, na kila nilipobonyeza kitufe ulijibana wenyewe kwa ndani, ukaziba njia, diaframu isipate mvuto. Ukiutazama wakati mtu mwingine anabonyeza, unauona kabisa ukilala bapa pale kwenye kona karibu na manifoldi. Niliutoa nikaweka mpira halisi wa vakyumu wenye ukuta mnene kutoka duka la spea la mtaani, na tatizo likaisha siku hiyo hiyo. Muuzaji anayejua diaframu kiasi hiki hana sababu ya kuweka mpira wa namna ile kwenye bahasha moja.

Nozeli nilizizibua kwa waya mwembamba wa gitaa, kutokea upande wa nje kuelekea ndani. Zielekezeni juu zaidi ya katikati ya kioo, maana gari likitembea upepo unayashusha maji. Ukielekeza katikati wakati gari limesimama, barabarani maji yataishia sehemu ya chini ya kioo.

Matokeo yake nimeridhika nayo sana. Nabonyeza, naachia, maji yanapanda pande zote mbili kwa pamoja, na waipa zinapangusa. Sauti ya injini haibadiliki ninapobonyeza, jambo linalonihakikishia kwamba hakuna hewa inayovuja. Tukumbuke tu kwamba waipa za gari hili nazo zinaendeshwa na vakyumu, kwa hiyo ukikanyaga mafuta kupanda mlima zinapunguza kasi, hata kama pampu ya petroli ina sehemu yake ya kuongeza mvuto. Oshea kioo unapoachia mafuta, utapata maji na waipa kwa wakati mmoja.

Kwa wenzangu wenye magari ya umri huu Nairobi au Arusha, kuna jambo la kuzingatia. Kila ukipanda futi 1,000 kutoka usawa wa bahari, geji ya vakyumu inashuka karibu inchi 1. Injini inayosoma 18 Tanga itasoma kama 12 Nairobi, na ile nguvu ya kilo 12 kwenye diaframu inabaki kama kilo 8. Pampu itafanya kazi, lakini hakuna nafasi ya uvujaji hata mdogo, na springi ngumu kupita kiasi haitabanwa hadi mwisho. Springi ya seti hii ni ngumu kidogo kuliko ile ya zamani. Huku Buffalo sikuona tofauti. Kwa mtu wa nyanda za juu ningependekeza asafishe springi yake ya asili na kuirudishia, kama kutu haijala waya.

Kama bati la kifuniko chako limechanika au ukingo umeoza, usinunue seti. Peleka kifuniko kwa fundi anayekarabati vitu hivi, au tafuta kifuniko kingine. Na kama unaishi kwenye baridi, weka maji ya kioo yasiyoganda kabla ya Novemba, ama mwaga chupa yote. Kioo cha chupa hakistahimili barafu, na chupa nzima za aina hii zinazidi kuwa adimu.

Nilimwandikia muuzaji kuhusu mpira wa vakyumu. Alijibu kwa heshima, akasema anaweza kuuza diaframu, valvu na gasketi bila mipira, kwa bei iliyopungua. Mkiagiza, ombeni hivyo.