Uzoefu wangu: kulipeleka kundi la wacheza gofu wa Tanga hadi Naivasha

Naandika maoni haya kwa ajili ya watu wa Tanga, na wa mwambao kwa jumla, ambao wamewahi kufikiria kuwakusanya marafiki, kufunga mikoba ya gofu na kwenda kucheza mahali penye ziwa na hewa ya baridi, kisha wakaliacha wazo hilo kwa kuhofia uzito wa maandalizi yake. Kundi letu lilikuwa na wachezaji 12 pamoja na baadhi ya wenza wao wasiocheza, na tulikwenda Great Rift Valley Lodge, hoteli ya gofu iliyoko kwenye miteremko ya Eburru, juu ya Ziwa Naivasha nchini Kenya. Mimi ndiye niliyekabidhiwa uratibu. Hoteli na kiwanja chake cha mashimo 18 ninavisifu bila kusita, lakini nina hakika kwamba safari ilifana kwa sababu ya karatasi ya makubaliano tuliyoikamilisha kabla ya kutoa hata shilingi moja, na ndiyo maana nitaanza na karatasi hiyo.

Awali tulizungumza na wakala mmoja wa safari ambaye sitamtaja. Bei yake ilivutia, na waraka wake ulisema kwamba gofu imejumuishwa. Tulipomwomba afafanue kipengele kimoja kimoja, ilibainika kwamba kilichojumuishwa ni ada ya kiwanja kwa mzunguko wa kwanza tu. Mzunguko wa pili, malipo ya kedi wanaobeba mikoba, vigari na mipira ya mazoezi vyote vilikuwa gharama ya mchezaji mwenyewe. Zaidi ya hapo, hakuwa ameomba muda wa kuanza kucheza, akatuambia kwamba hilo tungelimaliza tukishafika. Kwa mtu anayesafiri peke yake jibu hilo linavumilika, lakini kwa watu 12 ni hatari, kwa kuwa wachezaji huanza kwa makundi yasiyozidi watu wanne, yakipishana kwa dakika nane hadi kumi, na kiwanja chenye wageni wengi mwishoni mwa juma hakiwezi kuwatafutia nafasi tatu zinazofuatana asubuhi ileile mnayojitokeza. Nafasi zikitawanyika, wa kwanza humaliza na kukaa akiwasubiri wenzake kwa saa nyingi, na kundi linakuwa kundi kwa jina tu.

Tuliachana naye, tukaiandikia hoteli moja kwa moja. Jambo nililolipenda ni kwamba tangu barua ya kwanza tulihudumiwa na mtu mmoja, na kila tulichokubaliana kilirudi kwetu kwa maandishi: nafasi tatu zinazofuatana kwa kila asubuhi ya mchezo, mizunguko miwili kamili, kedi kwa kila mchezaji, vigari kwa wazee wetu wawili wenye matatizo ya magoti, vyumba vya watu wawili wawili na majina ya watakaolala pamoja. Kwa kuwa wengi wetu ni Waislamu, tuliomba uthibitisho wa chakula cha halali, na tukaomba kundi la kwanza lisianze kabla ya jua kuchomoza ili watu waswali alfajiri na kunywa chai bila haraka. Maombi hayo yalipokelewa kwa heshima na kuingizwa kwenye waraka. Mratibu yeyote kutoka kwetu asione haya kuyataja mapema, maana jikoni hawawezi kukisia mahitaji ya mgeni, na kuyadai mezani mbele ya watu huwafedhehesha wote.

Kuhusu fedha, tulimteua mweka hazina, tukaweka tarehe ya mwisho ya kulipa iliyotangulia tarehe ya hoteli, na tukaomba bei yote iandikwe kwa shilingi za Kenya. Michango yetu ilikuwa kwa shilingi za Tanzania, kwa hiyo tuliongeza kiasi kidogo cha kukabili mabadiliko ya viwango vya kubadilisha fedha, kwa makubaliano kwamba kitakachobaki kitarudishwa kwa kila mtu. Ni vigumu sana kudai nyongeza kwa rafiki ambaye ameshaamini kuwa amemaliza kulipa.

Njia tuliyoichagua inahitaji maelezo zaidi, kwa sababu wengi hudhani kwamba kutoka Tanga hadi bonde la ufa la Kenya ni lazima kupitia Dar es Salaam na uwanja wa ndege. Tanga hadi mpaka wa Horohoro ni kilomita zipatazo 65 za lami. Tulikodi kosta, na mwenye gari alithibitisha mapema kwamba ana bima ya kadi ya njano ya COMESA, kwani bima ya ndani ya nchi haitoshi ukishavuka. Mtanzania hahitaji viza kuingia Kenya, lakini anahitaji pasipoti au Hati ya Dharura ya Safari inayotolewa na Uhamiaji, na ni busara kubeba kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Kwa kuwa mikoba 12 ya gofu ndani ya gari moja inaweza kufanana na bidhaa ya kuuzwa, niliandaa orodha yenye jina la mwenye mkoba, idadi ya fimbo zake, na maelezo kwamba vifaa hivyo vimetumika na vitarudi. Maofisa wa forodha waliisoma, wakafungua mikoba michache, wakaturuhusu.

Kutoka Lungalunga, upande wa Kenya wa mpaka huo, hatukuingia Mombasa mjini kupitia kivuko cha Likoni, ambako foleni humaliza muda wa msafiri, bali tulifuata barabara ya Dongo Kundu inayotokea upande wa Miritini, kilipo kituo cha treni ya mwendokasi. Treni hiyo, Madaraka Express, imekuwa ikifanya kazi tangu mwaka 2017, na huchukua takriban saa tano hadi sita kufika Nairobi, zaidi ya kilomita 470, ikipita katikati ya hifadhi za Tsavo. Kundi lifike kituoni mapema sana, kwa kuwa mizigo hupangwa chini na kunuswa na mbwa, kisha hupitishwa kwenye mashine ya ukaguzi, na mikoba ya gofu ni mirefu na yenye vyuma vingi. Tulizifunga fimbo kwa taulo upande wa vichwa, na hakuna hata moja iliyovunjika. Tulilala Nairobi, kisha asubuhi tukapanda gari la kukodi kuelekea Naivasha, mwendo wa kilomita zipatazo 90. Siku hiyo ilikuwa Ijumaa, na tulikuwa tumepanga tangu Tanga kwamba isiwe na mchezo, hivyo waliotaka kuswali Ijumaa waliswali mjini Naivasha kabla hatujapanda mlimani.

Sasa nije kwenye kiwanja. Anayesikia maneno hoteli ya kando ya ziwa aelewe kwamba hapa ziwa huonekana likiwa chini bondeni, na ili kuligusa ni lazima upande gari. Mimi mandhari hayo yaliniridhisha kabisa, kwa sababu kutoka juu unaliona ziwa lote, pamoja na mlima Longonot ng'ambo yake. Anayetaka maji yawe pembeni mwa shimo analocheza atafaidi zaidi Kigo, nchini Uganda, kwenye hoteli ya gofu iliyo ufukweni mwa Ziwa Victoria, ingawa kwa watu wa Tanga safari hiyo ni ndefu zaidi.

Ziwa Naivasha liko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na kiwanja kiko juu zaidi, zaidi ya mita 2,000. Sisi tumezoea kupumua hewa ya pwani, nzito na yenye unyevu, na tofauti hiyo huonekana mambo mawili yanapojitokeza kwa pamoja: mchezaji huishiwa pumzi akipanda miteremko, na mpira wake huruka mbali kuliko anavyotarajia. Hewa nyepesi huupunguzia mpira ukinzani, na kwa makadirio ya kawaida mwinuko kama huo huongeza kati ya asilimia 7 na 10 ya umbali. Fimbo inayokupa mita 150 nyumbani inaweza kukupa zaidi ya mita 160 huko, na hiyo ni tofauti ya kutua kwenye grini, yaani eneo la nyasi fupi lenye shimo, au kutumbukia kwenye vichaka nyuma yake. Jambo la faraja ni kwamba hewa hiyohiyo hupunguza kupinda kwa mpira, kwa hiyo wenye tabia ya kuupeleka kulia bila kukusudia walijiona wamenyooka kuliko kawaida. Ni vyema siku ya kuwasili itumike kwenye uwanja wa mazoezi, kila mtu apime upya umbali wa fimbo zake na kuuandika. Kofia na mafuta ya kujikinga na jua ni lazima, kwani ubaridi wa nyanda za juu huwafanya watu wasahau ukali wa jua la ikweta. Na usiku, sweta moja halitoshi.

Pundamilia na twiga huonekana wakitembea kiwanjani, na kedi wanajua wakati wa kusubiri na wakati wa kuendelea. Kwangu mimi hao kedi ndio hazina ya mahali pale. Grini zina miinuko ambayo macho ya mgeni huisoma vibaya, na mchezaji aliyemsikiliza kedi wake alipunguza mikwaju mingi kuliko aliyeutegemea uzoefu wake wa viwanja vya Lugalo au Gymkhana vya Dar es Salaam.

Kuhusu namna ya kushindana, kundi letu lilikuwa na tofauti kubwa ya uwezo, kuanzia kijana anayecheza mashindano ya taifa hadi shemeji yake aliyeanza kujifunza majuzi. Tulichagua mfumo wa Stableford, uliobuniwa na daktari Mwingereza Frank Stableford na kuchezwa kwenye klabu ya Wallasey, Uingereza, mwaka 1932. Baada ya kupunguziwa mikwaju ya hendikapu, yaani nafuu anayopewa mchezaji kulingana na uwezo wake, anayemaliza shimo kwa idadi ya mikwaju inayotarajiwa hupata pointi mbili, anayeipunguza kwa mkwaju mmoja hupata tatu, anayeizidisha kwa mmoja hupata moja, na anayezidisha zaidi hapati kitu. Uzuri wake ni kwamba shimo moja baya halimharibii mtu siku nzima, na asiye na matumaini ya pointi huokota mpira wake, jambo linaloharakisha mwendo wa wote.

Hendikapu zenyewe zirekebishwe kulingana na kiwanja, maana hapo ndipo ugomvi wa makundi mengi huanzia. Katika Mfumo wa Dunia wa Hendikapu ulioanza kutumika mwaka 2020, fahirisi ya mchezaji (namba inayoonyesha uwezo wake) huzidishwa kwa kipimo cha ugumu wa kiwanja, kisha hugawanywa kwa 113, na hatimaye huongezwa tofauti kati ya ukadiriaji wa kiwanja (makadirio ya mikwaju ya mchezaji hodari asiyehitaji nafuu) na idadi yake ya mikwaju inayotarajiwa. Mwenye fahirisi ya 18.0 kwenye kiwanja chenye kipimo cha 105 anapata takriban mikwaju 17, lakini kwenye kiwanja chenye kipimo cha 130 anapata takriban 21, kabla ya hilo ongezeko la mwisho. Anayetumia namba ya nyumbani kwenye kiwanja kigumu anadhulumiwa mikwaju kadhaa bila kujua. Nilichukua vipimo kwenye kadi ya kiwanja, nikakokotoa za wote, nikaibandika orodha jioni ya kuwasili, na hakuna aliyelalamika.

Wenza wasiocheza hawakukaa kutusubiri. Walikwenda ziwani kupanda boti na kuwatazama viboko, wakatembea kisiwa cha Crescent katikati ya wanyama, na wengine wakaendesha baiskeli katika Hifadhi ya Hell's Gate, iliyoanzishwa mwaka 1984, ambayo ni miongoni mwa hifadhi chache za Kenya zinazoruhusu mgeni kutembea kwa miguu au kwa baiskeli. Ratiba hiyo nayo tuliipanga na kuilipia kabla ya kuondoka Tanga. Nawasihi wanaume waratibu wasiichukulie kama nyongeza, maana aliyeachwa hotelini bila shughuli ana haki ya kuichukia gofu.

Wanaotaka kwenda waepuke miezi ya masika, kuanzia Machi hadi Mei. Januari na Februari huwa na anga safi, na Julai hadi Septemba hufaa kwa wanaostahimili baridi. Kabla ya kutia saini, omba kifungu kinachoruhusu kubadilisha jina la msafiri bila adhabu. Mmoja wetu aliugua zikiwa zimebaki siku chache, na kwa sababu kifungu hicho kilikuwemo, ndugu yake alichukua nafasi, akacheza mizunguko yote miwili, na mgonjwa akarudishiwa fedha zake zote na huyo ndugu kabla hatujarejea Tanga.