TUM ya Tudor, si ile ya Munich: nilivyoomba vyuo vya umma Ujerumani bila ajenti

Ofisi ya ajenti iko ghorofani, Moi Avenue, Mombasa, hatua chache kutoka Mapembeni. Mezani pana bendera ndogo za plastiki kumi na mbili, nilizihesabu nikingoja. Kijana mwenye tai akanipa chupa ya maji baridi, akaniita "dadangu" mara nyingi kuliko ndugu zangu wote wa tumbo moja, na kabla ya maji kwisha alikuwa amenichagulia nchi, chuo na mwezi wa kusafiri. Chuo chenyewe cha kibinafsi, Cyprus ya Kaskazini. Nikamwambia mimi nataka uzamili wa mambo ya bahari, na nimesikia vyuo vya serikali vya Ujerumani havitozi karo.

Akacheka kwa upole. "Hivyo vya serikali vina usumbufu, dadangu. Hapa ukilipa leo, Ijumaa barua unayo."

Nikalipa elfu ishirini za usajili. Msinicheke.

Ijumaa barua ikaja kweli, na hapo ndipo moyo uliponiingia baridi. Nilikuwa nimekubaliwa kusoma uzamili wa biashara. Biashara! Mimi niliyemaliza shahada ya usimamizi wa rasilimali za bahari hapa TUM, Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kilichoko Tudor, miaka minne nikikanyaga tope la mikoko. Nilipouliza, nikaambiwa nikifika kule nitabadilisha.

Baadaye ndipo nilipofahamu hesabu yake. Vyuo vingi vya kibinafsi humlipa ajenti kamisheni kwa kila mwanafunzi anayempeleka, na kamisheni hiyo hutoka kwenye karo ya mwanafunzi mwenyewe. Chuo kisichotoza karo kitamkatia nini? Kwa hivyo usitarajie akutajie. Simwiti mwizi, ana duka lake, na vyuo vya umma havimo kwenye rafu zake.

Lililoniuma zaidi ni cheti. Nilikuwa nimemwachia cheti halisi cha shahada "akipige skani". Kukirudisha ikawa kesho, keshokutwa, bosi yuko Nairobi. Siku ya nane mamangu akavaa buibui lake, akabeba thamosi ya chai na mahamri, akaenda akaketi kwenye kiti cha wageni. Hakugombana na mtu. Kila mteja aliyeingia alimkaribisha hamri na kumuuliza taratibu, "Na wewe mwanangu, cheti chako umekiacha hapa?" Saa sita kasorobo cheti kilikuwa mkobani mwake. Zile elfu ishirini hazikurudi.

Basi nikaanza upya, safari hii mezani kwetu jikoni, na laptopu ya kaka yangu isiyokaa chaji.

Mlango niliouingilia ni wa DAAD, shirika la Wajerumani la kubadilishana wanafunzi, ambalo lina ofisi Nairobi. Tovuti yao ina orodha ya kozi zinazofundishwa kwa Kiingereza, na unaweza kuzichuja kwa somo, kwa lugha na kwa karo. Kuitazama hakuna malipo, hakuna kujisajili. Usiku mmoja tu nilipata nilichokuwa nikikitafuta: Bremen wana uzamili wa ikolojia ya maji ya kitropiki, ISATEC, unaoendeshwa pamoja na kituo chao cha utafiti wa bahari za kitropiki, ZMT. Yaani kuna watu wamekaa kaskazini kwenye baridi wanasoma mikoko na matumbawe, vitu ambavyo mimi navipita nikienda kununua samaki. Kiel nako kuna oshenografia ya kibiolojia. Wala hakuna aliyenipigia simu kunihimiza nilipe leo.

Hapa nisimame kidogo kwenye neno "bure", maana limewapoteza wengi. Vyuo vingi vya umma vya Ujerumani havitozi karo, kweli, hata kwa mgeni. Lakini jimbo la Baden-Württemberg, walipo Heidelberg na Stuttgart, linawatoza wanafunzi wa nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula tangu 2017. Na chuo cha ufundi cha Munich kilianza kutoza wageni wapya kuanzia muhula wa baridi wa 2024/25. Uzamili ni euro 4,000 au 6,000 kwa muhula, kutegemea kozi. Chuo hicho nacho kinaitwa TUM. Mimi ni mtoto wa TUM ya Tudor, kwa hivyo mjomba wangu mmoja alieneza habari ukoo mzima kuwa nimeomba kurudi chuo kilekile nilichomaliza. Halafu kila chuo kina mchango wa muhula, kuanzia kama euro mia hadi mia nne hivi, na mara nyingi ndani yake mna tiketi ya basi na treni. Kwingine milango imebanwa zaidi. Norway, waliokuwa wakisifiwa miaka yote, walianza kuwatoza wanafunzi wengi wa nje ya Umoja wa Ulaya mwaka 2023. Mtoto wa mamangu mdogo yeye ameelekea Uturuki, kwenye ufadhili wa serikali wa Türkiye Bursları. Dirisha lao hufunguliwa Januari na kufungwa Februari, na kuomba hakuna ada. Tusemezane tu kwamba yeye alimaliza fomu yake kabla mimi sijamaliza kuelewa yangu.

Vyuo vingine hupokea maombi kwenye tovuti zao wenyewe. Vingine hupitia uni-assist, ambayo ni kama meza ya mapokezi ya pamoja: wanakagua vyeti vyako vya kigeni, wanageuza alama zako ziwe za Kijerumani, kisha wanapeleka faili chuoni. Chuo cha kwanza ni euro 75, na kila kinachoongezwa muhula huohuo ni 30. Nililipa kwa kadi ya M-Pesa GlobalPay, nikiwa nimekaa, bila kwenda benki. Vyuo kadhaa vinataka kwanza upate kutoka uni-assist waraka uitwao VPD, wa matokeo ya ukaguzi huo, ndipo uombe kwao moja kwa moja, na waraka huo huchukua wiki kadhaa. Hapo ndipo watu wanapoumia. Tarehe ya mwisho ya muhula wa baridi, kwa kozi nyingi, ni 15 Julai, lakini kozi za wageni mara nyingi hufunga mapema zaidi, nyingine hata kabla ya Aprili, na ukianza VPD Juni umejidanganya. Nilianza Januari nikajiona nina haraka ya bure. Nilimaliza jasho likinitoka.

Sasa alama. Hili ningependa mtu angeniambia tangu mwaka wa kwanza. Kwetu wastani wa 66 ni daraja la pili la juu, na nyumbani watu walikula pilau kwa ajili yake. Wajerumani wanahesabu kinyume: 1 ni bora kabisa, 4 ndiyo ya kuponea. Wanachukua alama ya juu kabisa inayowezekana, wanatoa yako, wanagawanya kwa tofauti ya alama ya juu na ya kufaulu, wanazidisha mara tatu, wanaongeza moja. Nikakaa na kalamu. Mia toa sitini na sita, thelathini na nne. Mia toa arubaini, ambayo kwetu ndiyo ya kufaulu, sitini. Gawanya, zidisha, ongeza: 2.7. Kozi mbili nilizozipenda zilitaka 2.5 au bora zaidi. Pilau yote ile, na mlango umefungwa kwa nukta mbili! Kosa ni ile mia. Chuo gani kwetu humpa mtu mia? Ukipata themanini jina lako linajulikana hadi kantini. Nikaenda kwa msajili, nikaomba barua inayoeleza mfumo wetu wa alama na daraja nililoangukia. Barua haibadilishi hesabu, lakini kozi nyingine zina kamati inayosoma faili zima, na nilitaka waikute humo. Nikaomba na barua ya pili, kuthibitisha kuwa tulifundishwa kwa Kiingereza. Kuna vyuo vilivyoikubali badala ya mtihani wa IELTS na kuna ambavyo havitaki hata kuisikia. Soma ukurasa wa kozi yako, usisome wa rafikiyo.

Kosa langu mwenyewe lilikuwa herufi moja. Akina Fatma na Fatuma mnanielewa. Cheti cha KCSE, cha kumaliza sekondari, kina "u", pasipoti haina, na cheti cha shahada kimefuata KCSE. Miaka yote hiyo halikunisumbua jambo hilo, kwa sababu hapa mtu anakutazama uso. Kwenye kompyuta ya watu, hao ni wanawake wawili. Nilikwenda Nkrumah Road kwa wakili, nikala kiapo kwamba wale wawili ni mimi, nikapigiwa mhuri, nikakipakia pamoja na vyeti. Kama bado hujatoa pasipoti, toa vyeti vyote uvipange kitandani kwanza ulinganishe herufi kwa herufi.

Barua ya kueleza nia yangu niliiandika mara nne. Ya kwanza ilikuwa na sentensi za kupendeza kuhusu ndoto zangu tangu utotoni. Dadangu akaisoma akaniuliza ni ya nani. Ya nne ilianza kwenye mikoko ya Tudor, maji ya chooni yanavyoingia mkondoni wakati wa mvua, na miche tuliyoipanda na wenzangu wa darasa ikafa upande mmoja ikashika upande wa pili, na mimi mpaka leo sijui kwa nini. Hiyo ndiyo niliyoituma.

Niliomba vyuo vitatu. Kimoja kilinikataa kwa ile 2.7, mistari mitatu, hakuna maneno mengi. Kimoja bado kimya. Cha tatu, kaskazini huko karibu na bahari, kilileta barua kwa Kijerumani kitupu. Kozi ni ya Kiingereza, barua ni ya Kijerumani! Ningeweza kuitia kwenye programu ya tafsiri, lakini moyo haukukubali kusomewa jambo kama lile na mashine. Jirani yetu amefanya kazi hoteli za Bamburi miaka zaidi ya ishirini, enzi ndege za watalii wa Kijerumani zikishuka uwanja wa Moi kila wiki, na Kijerumani anakizungumza kama mtu wa kwao. Nikambishia hodi baada ya Alasiri.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba. Lete hiyo."

Akavaa miwani, akaisoma yote kimya, na mimi nimesimama mlangoni viatu mkononi. Akarudi mistari ya juu, akaweka kidole kwenye neno moja refu. "Hili, Zulassung, ni ruhusa. Umeruhusiwa, mwanangu." Kisha akanisahihisha matamshi mpaka adhana ya Magharibi.

Furaha ile ilidumu siku mbili, ndipo tukakaa kuzungumza pesa. Ili upate viza lazima uonyeshe utaishi kwa nini. Njia ya kawaida ni akaunti wanayoiita Sperrkonto: unaweka euro 11,904 za mwaka mzima kabla hujaondoka, nao wanakuachia 992 kila mwezi. Kwa shilingi ni kama milioni moja na laki nane. Pesa ni zako, hazipotei, lakini lazima ziwepo zote kwa mpigo mmoja. Njia nyingine ni ufadhili, au mtu aliyeko Ujerumani atie sahihi rasmi kwamba atakugharamia. Wale wanaosema Ujerumani ni kwa maskini hawajaitazama nambari hii. Sisi tumeuza kiwanja kidogo cha Mtwapa alichotuachia babu, shangazi wawili wamekopesha, na kaka yangu amesema laptopu niende nayo tu.

Mkitaka nyota: njia ya kuomba mwenyewe naipa nne. Ya tano nimeikata kwa sababu kila chuo kina utaratibu wake na kurasa zao zinakurusha huku na huku kama mpira. Gharama zangu zote za kuomba, pamoja na kiapo na skani za saiba, hazikufika elfu thelathini. Ajenti ana nyota moja, ya yale maji baridi.

Miadi ya ubalozini ni Jumatatu asubuhi. Nimekata tiketi ya treni ya usiku kutoka Miritini, mamangu amesisitiza twende wote, na thamosi ameshaiosha. Jana usiku, nikipanga faili, simu ikalia: ujumbe kutoka kwa yule kijana mwenye tai. "Dadangu, Cyprus nafasi bado zipo."